Programu ipi ya kuchomea CD na DVD nyumbani? Tuanzie kwenye kazi unayotaka kuifanya

KumbukumbuSalama

Wakuu, salaam.

Swali la "nipeni programu nzuri ya kubani CD" halikomi, na kila likiulizwa yanashuka majina kumi. Kila mtu anatetea aliyoizoea, muulizaji anaondoka na orodha na bado hajui achukue ipi. Nimeona nifungue uzi mmoja mrefu tulijadili lote. Nimechoma diski kwa miaka mingi na mengi ninayoyaandika hapa nimejifunza kwa hasara.

Naanza na lile lililoniuma. Zamani kidogo kompyuta yangu ilijaa, nikahamishia picha za familia kwenye DVD nne. Programu niliyotumia ikaniandikia kwamba kazi imekamilika, nami nikafuta picha zilizokuwa kwenye kompyuta. Miezi ikapita. Siku niliyoitafuta picha moja ya marehemu baba, diski ya tatu ilifunguka vizuri: folda zote zipo, majina ya mafaili yote yapo. Picha zenyewe sasa! Nyingine zilikuwa nusu picha, nusu kijivu, na nyingi hazikufunguka kabisa. Ile programu iliandika data mwanzo hadi mwisho bila kurudi kusoma ilichokiandika, na mimi sikuiambia isome. Kulikuwa na kisanduku cha kuweka tiki, sikukigusa kwa sababu niliona kinarefusha muda.

Tangu hapo kigezo changu cha kwanza ni kuhakiki. Programu imalize kuchoma, kisha isome diski nzima na kuilinganisha na mafaili ya asili. Isiyoweza hilo siiweki kwenye kompyuta yangu, hata iwe na sura nzuri namna gani.

La pili, tuelewane kuhusu nani anafanya nini. Programu haichomi. Kinachochoma ni draivu: leza yake inabadilisha tabaka la rangi lililo ndani ya diski. Programu kazi yake ni kupanga mafaili, kutengeneza mfumo wa faili, na kuipelekea draivu data na amri. Kwa hiyo mtu akikuambia programu fulani "inachoma kwa ubora zaidi" kuliko nyingine, kwa draivu ileile, diski ileile na kasi ileile, muulize amepima vipi. Programu zinatofautiana kwingine: zinakuachia uchague nini, zinahakiki au hazihakiki, zinakuambia nini zikishindwa, na zinakuletea takataka gani pembeni wakati wa kuziweka.

Naendelea chini, nisubirini kidogo.

KumbukumbuSalama

Kabla ya kupakua chochote, angalia ulichonacho.

Windows imekuwa ikichoma CD yenyewe tangu Windows XP ya mwaka 2001, Vista ikaongeza DVD, na kuanzia Windows 7 unaweza kubofya faili la ISO (nakala ya diski nzima ndani ya faili moja) kwa kitufe cha kulia ukalichoma bila programu nyingine. Kwenye kidirisha hicho cha ISO kuna kisanduku cha kuhakiki. Kiwekeni tiki, nawasihi.

Tatizo la Windows liko kwenye swali inaloliuliza unapoweka diski tupu: uitumie diski kama flashi, au uitumie kwa ajili ya vicheza CD na DVD? Wengi huchagua la kwanza kwa sababu linaonekana rahisi. Hapo diski inaandaliwa kwa mfumo wa UDF unaoruhusu kuongeza na kufuta mafaili kidogokidogo. Kwenye kompyuta yako itasoma. Ukiipeleka kwenye deki ya zamani au redio ya gari, kuna uwezekano mkubwa ikatemwa. Diski ya kumpa mtu mwingine ichomwe kwa chaguo la pili, kwa mkupuo mmoja.

Wenye Mac: Finder inachoma folda na mafaili ya ISO. Disk Utility iliondolewa kazi hiyo kwenye OS X El Capitan mwaka 2015, ndiyo maana maelekezo mengi ya zamani hayafanyi kazi tena. Asiyeogopa kuandika amri atumie hdiutil burn, ambayo huhakiki bila kuambiwa.

Wenye Linux mna K3b, Brasero na Xfburn. Mimi ni mtu wa K3b, sifichi. Inachoma data, muziki na ISO, inahakiki, na ikishindwa inakupa ripoti ndefu ya kilichotokea badala ya kukuachia neno moja la "imeshindikana". Brasero ni nyepesi kuelewa kwa anayeanza.

Kwa Windows, zikitakiwa za kuongeza: CDBurnerXP ni ya bure na jina lake lisikutishe, inafanya kazi kwenye Windows zilizokuja baada ya XP. Data, muziki, ISO, kuhakiki, vyote vimo. BurnAware ina toleo la bure kwa matumizi ya nyumbani, lina mpangilio safi sana, nalo huwa nawapa watu wasiopenda kompyuta. Ashampoo Burning Studio Free ni nzuri ila utaombwa barua pepe ili upewe namba ya kuifungulia. ImgBurn ni ya anayetaka kuona kila kinachoendelea kati ya programu na draivu.

Nero Burning ROM ni ya kulipia, na ni ya siku nyingi, tangu 1997. (Jina lake linachezea kisa cha Kaisari Nero na moto wa Roma. Nilitumia miaka kabla sijaling'amua.) Ni programu iliyokomaa. Lakini kwa mtu anayechoma diski chache kwa mwaka, za bure zinatosha, na pesa hiyo ni heri akanunulie diski nzuri.

NyimboTupu

Mkuu ahsante kwa uzi. Mimi nina CD nimechoma nyimbo 120 za MP3, kwenye kompyuta zinaimba, kwenye redio ya gari la mzee inaandika kosa tu. Nimebadilisha programu tatu. Tatizo ni programu gani?

KumbukumbuSalama

Ndugu yangu, programu zote tatu hazina kosa. Ulichochoma ni CD ya data yenye mafaili ya MP3 ndani yake. Redio ya zamani inajua CD ya muziki peke yake, ile iliyoletwa na Sony na Philips mwaka 1982: sauti isiyobanwa, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili. Hapo hakuna mafaili wala folda, kuna nyimbo zilizopangwa moja baada ya nyingine.

Kwenye programu usichague kazi ya data, chagua ya CD ya muziki. Itazifungua MP3 zako na kuzigeuza. Jiandae kwa jambo moja: CD ya MB 700 inabeba dakika 80 za muziki wa namna hii basi, haijalishi MP3 zako zilikuwa ndogo kiasi gani. Nyimbo 120 zitahitaji CD kadhaa.

Hapa ndipo programu zinapotofautiana kweli. Kuna namna mbili za kuandika: wimbo mmoja mmoja, ambapo leza huzimwa na kuwashwa kati ya wimbo na wimbo na unapata ukimya wa sekunde mbili hivi, au diski nzima kwa pumzi moja. Kwa kwaya iliyorekodiwa ukumbini au nyimbo zinazounganika, ule ukimya unakata roho ya muziki. Tafuta programu inayokuruhusu kuchoma diski nzima kwa mkupuo na kuweka nafasi ya kati kuwa sifuri. K3b na CDBurnerXP zinakubali. Angalia pia kama inaandika CD-Text, ili redio inayoijua ionyeshe jina la wimbo.

Kama una mafaili ya FLAC (sauti iliyobanwa bila kupoteza chochote) ya nyimbo hizohizo, anza na hayo. Kilichokwisha kupotea kwenye MP3 hakirudi kwa kuchomwa kwenye CD.

Mwisho, tumia CD-R, ile ya kuandikwa mara moja. Vicheza vingi vya zamani havizisomi CD-RW, zile za kufuta na kuandika upya, kwa sababu zinarudisha mwanga hafifu wa leza.

FundiLeza

Uzi mzuri, ila kwenye ImgBurn sikubaliani nawe. Toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, ni la mwaka 2013. Tunawezaje kumshauri mtu wa leo aweke programu iliyoachwa muda wote huo? Na kisakinishi chake kilikuwa kinabeba matangazo ndani.

KumbukumbuSalama

Hoja ya matangazo nakuunga mkono moja kwa moja, ilipaswa kuwa kwenye maelezo yangu ya juu. Anayeitaka ImgBurn asome kila ukurasa wa kisakinishi, asibonye "Next" kwa mazoea, akatae kila kisichohusiana na kuchoma diski. Na asiipakue kwenye tovuti za katikati zinazoongeza vyao juu ya vilivyokuwemo.

Ya umri, naona tofauti kidogo. DVD haijabadilika tangu hapo, wala lugha ambayo kompyuta huzungumza nayo na draivu haijageuka. Programu hii haina haja ya intaneti ili ifanye kazi yake. Lakini kwa mtu ambaye hataki hata kufikiria mambo haya, sawa, aanze na kile kilichomo ndani ya Windows au BurnAware. ImgBurn ibaki kwa mwenye sababu.

FundiLeza

Hapo tumeelewana. Sababu moja ya kweli ni DVD za filamu za tabaka mbili, maana ImgBurn inakuachia uchague mahali tabaka la kwanza linapoishia na la pili kuanzia. Mahali hapo pakikaa vibaya, deki inakwama katikati ya filamu.

MamaAlbamu

Samahani naingilia. Nina video ya harusi ya binti yangu, faili moja la MP4 la GB 5.2. Nataka nimpe bibi yake kwenye DVD, yeye ana deki na televisheni tu. Programu inasema halitoshi, na diski imeandikwa 4.7. Hata nilipokata video ikatosha, deki haikuonyesha kitu.

KumbukumbuSalama

Dada, hongera kwa harusi. Hapo una mambo mawili, na tuyatenganishe.

La ukubwa: GB 4.7 iliyoandikwa kwenye diski inahesabiwa kwa elfu elfu, kompyuta ya Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo hiyohiyo inaonekana kama 4.37. Hukuibiwa. Diski ya tabaka mbili ina 8.5, inayoonekana kama 7.9 na kitu.

La pili ndilo kubwa. Deki ya bibi inataka DVD-Video, na MP4 iliyonakiliwa kwenye diski si DVD-Video. Lazima video igeuzwe kuwa MPEG-2 kwa vipimo maalumu, 720 kwa 576 kwa mfumo wa televisheni wa PAL au 720 kwa 480 kwa ule wa NTSC, kisha ipangwe ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, IFO na BUP. Programu nyingi za kuchoma hazifanyi kazi hiyo ya kugeuza. Zinachoma tu ulichokwisha kuandaa. Windows Vista na 7 zilikuwa na DVD Maker iliyofanya yote, ikaondolewa kwenye Windows 8.

Tumia DVDStyler. Ni ya bure, ipo kwa Windows, Mac na Linux. Buruta MP4 yako humo, chagua PAL au NTSC kulingana na televisheni ya bibi, tengeneza menyu ndogo ukipenda (picha ya maharusi na kitufe kimoja kikubwa, bibi asipate shida), na iache ishushe ubora hadi video itoshe. Video ya saa moja hadi mbili inakaa vizuri kwenye diski ya 4.7. Usikate kipande cha harusi kwa ajili ya nafasi, maana ukubwa wa MP4 hausemi chochote kuhusu ukubwa itakaokuwa nao baada ya kugeuzwa. Kinachohesabika ni dakika.

Mwambie DVDStyler itengeneze faili la ISO kwanza. Lifungue hilo kwenye kompyuta kwa programu ya kuchezea video ya VLC, bonyeza kila kitufe cha menyu, ndipo uchome. Ukikosea unafuta faili, hutupi diski.

Ukitaka pia kuhifadhi MP4 yenyewe kama faili, tumia diski ya tabaka mbili na uchague mfumo wa UDF. Mfumo wa zamani wa ISO 9660 kwa kawaida unagoma kwa faili linalozidi GB 4.

Mgeni_Hapa

Mimi nimechoma ISO ya Linux kwenye DVD, kompyuta haiwaki kutoka kwenye diski. Nikiifungua naona faili moja tu la ISO ndani.

KumbukumbuSalama

Umeliweka faili la ISO ndani ya diski kama unavyoweka picha. ISO ni nakala ya diski nzima, na programu inatakiwa kuifungua na kuiandika kipande kwa kipande. Tafuta kazi inayoitwa "Burn image" au "Write image", usipite kwenye kazi ya data. Ukifungua diski baadaye utaona folda nyingi, na hapo ndipo itawaka.

FundiLeza

Ongeza na suala la kasi mkuu. Watu wanaambiana wachome kwa kasi ya chini kabisa daima.

KumbukumbuSalama

Ushauri huo ni wa enzi nyingine. Zamani kompyuta ilishindwa kuilisha draivu kwa wakati, data ikakatika katikati ya kuchoma, na diski ikawa imekufa. Mwaka 2000 Sanyo walileta BURN-Proof, inayoifanya draivu isimame na kuendelea pale ilipoachia, na draivu zilizofuata zikawa na kinga ya namna hiyo.

Siku hizi DVD-R ya kasi ya 16x imetengenezwa kwa kasi za juu, na draivu ina maelekezo ndani yake ya namna ya kuichoma diski ya aina hiyo. Ukiilazimisha iende polepole mno haina maana matokeo yatakuwa bora. Mimi kwa DVD ya 16x nachoma kwa 8x. Kasi ya 1x ya DVD ni kama MB 1.385 kwa sekunde, kwa hiyo 8x ni MB 11 hivi, diski iliyojaa inachukua dakika saba na zaidi, halafu kuhakiki. CD ya muziki naichoma 16x. Kama programu haikuruhusu kuchagua kasi, hiyo nayo ni sababu ya kuiacha.

MamaAlbamu

Nimerudi. DVD ya bibi imecheza, amelia! Sasa nimeanza kuhifadhi picha zote za familia. Nimewasha kuhakiki kama ulivyosema. Diski mbili zimekubali, ya tatu inasema kuna makosa, nimejaribu mara mbili na kila mara inagoma karibu na mwisho. Natumia draivu ya nje ya USB kwenye laptopu.

KumbukumbuSalama

Habari ya bibi imenifurahisha sana dada. Na hiyo ya tatu, afadhali umeijua leo.

Kugoma karibu na mwisho kuna maana yake. DVD huandikwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio mahali ubora wa diski za bei rahisi unapokuwa hafifu, na ndipo draivu inapokimbia zaidi. Fanya hivi kwa mpangilio. Kwanza, draivu ichomekwe moja kwa moja kwenye laptopu, isipitie kigawanyi cha USB, maana draivu za nje zinakula umeme mwingi wakati wa kuchoma. Kama ina waya wa pili wa USB wa umeme, uchomeke. Pili, shusha kasi hatua moja, kama ni 8x weka 6x au 4x. Tatu, usiijaze diski hadi pomoni, acha MB 300 au 400 zikae tupu ili ule ukingo wa nje usiguswe. Nne, ikigoma bado, jaribu diski za kampuni nyingine kabla hujabadilisha programu.

Kwa picha za familia choma nakala mbili, kwenye diski za watengenezaji wawili tofauti, na zikae sehemu mbili tofauti. Ukiweza, tumia dvdisaster. Hiyo inatengeneza data ya ziada ya kurekebishia makosa, inayowekwa ndani ya diski au pembeni kama faili, ili diski ikichakaa kidogo picha ziweze kurudishwa. Lazima iandaliwe sasa diski ikiwa nzima, baada ya kuharibika haisaidii. Wanaotaka kuhifadhi kwa miaka mingi waangalie M-DISC, inayoandikwa kwenye tabaka gumu badala ya rangi ya kawaida, ila draivu lazima iwe inaikubali.

Na diski za kuandika zinapungua sokoni. Sony waliacha kutengeneza Blu-ray za kuandika Februari 2025. Picha hizo ziwe pia kwenye diski kuu ya nje.

Usifute kitu kwenye kompyuta mpaka nakala zote mbili zihakikiwe.

MamaAlbamu

Nimetoa kigawanyi, nimeshusha hadi 4x, nimeacha MB 400. Imehakiki, makosa sifuri. Naanza nakala ya pili sasa hivi, na za kwenye kompyuta sijagusa hata moja.